Tone Jekundu juu ya Bafta

Fundi hakuanza salamu kwa mkono wala kwa mdomo. Alianza na nguo yako. Ukipanda kibarazani kwake, nyuma ya soko la Mbeya, aliacha kazi, akafumba macho, akashika ncha ya koti au upindo wa khanga yako kwa vidole viwili, akasugua mara moja, kisha akaitaja. "Kaniki." "Khaki, imefuliwa kwa magadi." "Gabadini hii, na umeikalia ikiwa mbichi." Hapo ndipo alipofumbua macho na kukuuliza habari za nyumbani. Hata waume wenye wivu walimwacha, maana alishika kitambaa tu, na macho yamefumbwa kweli.

Siku yangu ya kwanza pale alinishika upindo wa sare. "Drili ya serikali," alisema, "na ndani yake mna Mhehe."

"Drili sawa. Mhehe umemjuaje?"

"Si umesalimia kamwene ulipopanda ngazi?"

Nilikuwa muuguzi msaidizi, nimetoka Kalenga, miaka ile ya hamsini, nimepangishwa chumba kwenye ua uleule aliokaa yeye na mkewe. Kwa hiyo nilimjua kama jirani muda mrefu kabla sijamjua kama mgonjwa. Alizaliwa wapi na ukoo wake nani, sikuuliza. Alisema "pwani", na ukimbana zaidi alisema "pwani yenyewe". Mimi alinipa jina la Binti Kalenga, na kila mpangaji wa ua ule akalifuata.

Sitaki kumfanya malaika, maana angekuwa wa kwanza kucheka. Alikuwa bahili wa uzi mpaka aibu. Vipande virefu kama kidole alivizungushia kwenye kijiti na kuvitunza. Lakini watoto wa mjane aliyekaa chumba cha mwisho hawakuwahi kuonekana na suruali iliyochanika. Alikuwa mtu wa msikiti, mkali wa halali na haramu, na bado aliwashonea mapadri majoho ya misa na Walutheri kanzu za kwaya, tena kwa mshono bora kuliko alioutoa kwa majirani. Ukimuuliza alisema uzi hauna dini ila mshonaji anayo. Alilaani baridi ya Mbeya asubuhi na jioni, akiwa amevaa makoti mawili, na hakutaka kusikia habari ya kurudi kwao. "Pwani koti ni mzigo," alisema. "Huku koti ni heshima. Mimi nitakula wapi?"

Cherehani yake ilikuwa ya miguu, nyeusi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata mkewe, tuliyemwita Bi Fundi, mama mpole mwenye asili ya Iringa, alifagia kibaraza kwa kuizunguka. Siku moja aliifuta vumbi kwa upande wa khanga yake. Fundi alikaa kimya mpaka magharibi, kisha akatamka, "Cherehani na mswaki havikopeshwi." Bi Fundi alinikonyeza. Alishazoea.

Na alikuwa mtambaji. Mchana wa mvua, wateja wamebanana kibarazani, hakuna aliyesimulia habari za mumiani kama yeye. Wakati ule kila mji ulikuwa na hadithi hizo: kwamba wako watu wanaokamata wapita njia na kuwatoa damu, na damu ile inatengenezwa dawa nyekundu. Fundi alijua barabara wanayopita, alijua gari, alijua mpaka harufu. Wanawake waliotoka Uyole na vikapu vya viazi walirudi kwao kwa makundi kwa sababu yake. Sikuwahi kufahamu kama anaziamini au anajifurahisha. Nadhani hata yeye hakuwahi kujiuliza, mpaka alipolazimika.

Ugonjwa ulimwanzia ulimini. Mtu aliyekula pilipili kama mboga alianza kusukuma bakuli. Ulimi ulikuwa mwekundu, umelainika, unamuwasha hata kwa chai. Kisha akapauka, viganja vikawa vyeupe, na kupanda ngazi za kibaraza kukawa kazi ya kupumzika katikati. Nilimpeleka hospitali. Daktari, Mzungu mmoja mwenye haraka lakini mwenye moyo, alimpima damu akaikuta imepungua vibaya. Akamwandikia vidonge vya njano vya asidi ya foliki, ndivyo vilivyokuwapo stoo, akamwambia ale maini kwa wingi.

Vidonge alimeza. Maini aliyachukia tangu utoto. Bi Fundi alimkumbusha jambo linalofundishwa kila chuo cha Kurani, kwamba ini na wengu ni damu mbili zilizohalalishwa.

"Halali si amri," alijibu Fundi, akampa paka.

Paka alinenepa. Lakini Fundi naye alipona, hilo nililiona kwa macho yangu. Rangi ilirudi, pumzi ilirudi, pilipili ilirudi. Bi Fundi akapika pilau, ua mzima tukala, na daktari alipompima tena alikuta damu safi, ya mtu mzima na afya yake. Fundi alivisifu vidonge vya njano kwa kila aliyepita.

Nieleze hapa jambo ambalo siku ile ya pilau sikulijua, na lingine halikuwa limejulikana na mtu yeyote. Nilikuja kulifundisha miaka mingi baadaye nilipokuwa mkufunzi wa wauguzi, na kila nilipolifundisha nilimwona yeye.

Alichokosa Fundi haikuwa foliki. Ilikuwa vitamini B kumi na mbili. Si kwamba hakuila, nyama alikula. Tumbo lake ndilo lilipoteza kile kinachoipokea na kuipitisha mwilini. Vitamini hii nayo haifanyi kazi kama ilivyo. Mwili huivua kipande kimoja na kuivika kingine, ndipo inapokuwa tendaji, na mavazi yake ya kazi ni mawili. Katika vazi la kwanza huchukua kitu kidogo kiitwacho methili kutoka kwenye foliki na kukikabidhi mbele, methionini inapatikana. Hapo yanatimia mawili kwa mpigo. Foliki inafunguliwa, inarudi kwenye uboho kusaidia kutengeneza damu. Na methionini inakwenda kwenye shughuli nyingi, mojawapo kutunza ala ya mafuta inayofunika neva. Vazi la pili huvaliwa ndani zaidi, kule ambako chembe za mwili huchoma chakula, na kazi yake ni kuyageuza mabaki ya mafuta na protini fulani yafae kuchomwa. Vitamini ikikosekana, foliki inabaki imefungwa, uboho unakosa, damu inapungua. Ukimjaza mtu huyo foliki ya vidonge, uboho unapata njia ya pembeni na damu inarudi. Neva hazina njia ya pembeni. Wataalamu bado wanabishana neva hulilia vazi lipi zaidi. Kwamba zinalia, hakuna anayebisha.

Kwa hiyo tulikula pilau, na huku miguu ya Fundi inakufa taratibu.

Dalili tuliziona tukazipa jina lake la Mbeya: baridi. Ganzi ya miguu, nani asiyekuwa nayo mwezi wa Juni? Fundi alivaa soksi mbili, akaweka jiko la makaa karibu na kiti. Alianza kujikwaa, na kila alipojikwaa alisema, "Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi," tukacheka. Ijumaa moja alifika msikitini na kubadhi moja. Nyingine ilimvuka njiani, akaendelea kutembea na mguu mtupu juu ya kokoto, asijue mpaka mtu alipomwonyesha. Aliirudia, akaivaa, akatuhadithia mwenyewe kama kichekesho. Bi Fundi hakucheka.

Kisha vidole. Mkulima mmoja wa Iyunga alipanda kibarazani na khaki iliyochoka, Fundi akashika, akafumba macho, akasema, "Gabadini." Mkulima alifurahi, akadhani anasifiwa. Wiki ile alikosea tena, na tena. Halafu akaacha. Asubuhi moja nilipanda ngazi nikasema kamwene, naye akainuka, akaninyooshea mkono kama watu wengine wote wanavyosalimiana. Siku aliyonipa mkono ndiyo niliyoogopa.

"Fundi, twende hospitali."

"Baridi tu, Binti Kalenga. Damu si mmeshanipa?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ukuta nitajenga. Nina nini cha kufanya?"

Bi Fundi alitoka ndani na makoti yote mawili mkononi. "Utakwenda," alisema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitoa amri.

Daktari alimgonga magoti, akamwekea chuma kinachotetemeka kwenye vifundo vya miguu. Fundi alisema hasikii kitu. Akamwambia simama wima, miguu pamoja. Akasimama vizuri. "Sasa fumba macho." Fundi akatabasamu, maana kufumba macho ilikuwa kazi yake. Akafumba, akayumba, akaniangukia kifuani kama gunia. Miguu ilikuwa haimwambii tena ilipo. Alikuwa anasimama kwa msaada wa macho peke yake.

Daktari aliweka chuma chake mezani. Kisha akatamka wazi, na nilimheshimu kwa hilo, kwamba vidonge vya njano vimeficha ugonjwa, kwamba iko dawa yenyewe, ya sindano, ataiagiza Dar es Salaam, na kwamba kila mwezi utakaopita bila dawa unaondoka na kitu ambacho huenda kisirudi. Nilimfasiria Fundi neno kwa neno. Aliuliza swali moja tu.

"Vidole pia?"

"Vidole pia," nilisema.

Dawa ikaja kwa basi, ndani ya kisanduku kilichojazwa pamba. Nilikuwapo daktari alipokifungua. Vichupa vilikuwa vyekundu. Siyo wekundu wa maji ya waridi. Wekundu wa damu hasa.

Fundi alivitazama, akanitazama mimi, akavaa kofia yake akaondoka.

Nilimkuta kibarazani. Miguu haikuweza tena kukanyaga kwa mpigo mmoja, cherehani ilikwenda kwa kushtuka, na alikuwa anafumua alichoshona asubuhi.

"Ile ni damu," alisema.

"Si damu. Ni vitamini."

"Nyekundu?"

"Ndivyo ilivyo rangi yake."

"Binti Kalenga, mimi nimewasimulia watu wa mji huu dawa nyekundu inavyotengenezwa. Leo nikachomwe? Kama ni ya mnyama, ni haramu. Kama ni ya mtu..." Hakumaliza. "Niache nife na miguu mibovu, lakini nife safi."

Muuza viazi mmoja wa Uyole, aliyekuwa anasubiri gauni, akadakia, "Usikubali, Fundi! We si ndo ulituambia? Watu wanaisha!" Fundi akainamisha kichwa. Hadithi zake zilikuwa zimerudi nyumbani kulala.

Alikataa mwezi huo na uliofuata. Kipupwe chote alikataa. Bi Fundi alilia, imamu alikuja akasema dawa ya lazima ina hukumu yake, haiharamishwi, mimi nilikasirika mpaka nikaacha kumsalimia. Nilikasirika kwa sababu nilimpenda mzee yule, na kwa sababu nilikuwa naona vidole vyake vikishika sindano kama vya mtu aliyevaa glovu. Wateja walipungua. Padri mmoja alirudisha joho kwa upole, mshono umepinda.

Jibu lilitoka kwake mwenyewe. Alikuja hospitali asubuhi, akishikilia bega la mkewe, na kwapani ana kipande cha bafta nyeupe, ileile inayoshonewa sanda. Alikipasua viwili mbele yetu.

"Damu naijua," alimwambia daktari, nami nikafasiri. "Miaka yote hii najichoma sindano na kuchafua nguo za watu. Damu ukiiwahi kwa maji baridi inatoka. Ukiitia maji ya moto inashika, inakuwa kahawia, haitoki mpaka kiama. Nipe tone la dawa yako. Na maji ya moto."

Daktari alisema kichupa kimoja ni dawa ya mgonjwa ya mwezi mzima. Kisha akatazama miguu ya Fundi, akavunja kimoja. Tone likaanguka kwenye kipande cha kwanza, likatanuka, jekundu.

Fundi akachukua sindano ya kushonea kutoka kwenye kola ya koti, akajichoma kidole cha kushoto juu ya kipande cha pili. Akangoja. Akatuangalia. "Bado?" aliuliza. Akajichoma tena, na mara ya tatu, uso wake haukubadilika hata kidogo, na huku damu ilikuwa imeshaanza kudondoka tangu mara ya kwanza. Ilikuwa damu nzuri, nyekundu, nzito. Vidonge vya njano vilikuwa vimefanya kazi yao.

"Mume wangu," Bi Fundi alisema taratibu, "umeshajichoma."

Alitazama kidole chake. Sijawahi kuona mtu akitazama kidole chake vile, kama cha mgeni. Nilimimina maji ya moto kutoka kwenye birika juu ya vipande vyote viwili, maana mtu alipaswa kufanya kitu, nami sikutaka waone machozi yangu.

Kipande cha damu kikageuka kahawia, doa likashika kama alivyosema. Kile cha dawa kikafifia, maji yakawa ya waridi, na alipokikamua na kukikunjua bafta ilikuwa nyeupe. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakinusa.

"Rangi haikushika," alisema. "Si damu." Akavua koti la kwanza, akavua la pili, akakunja mkono wa kanzu. "Nichome."

Ya kwanza nilimchoma mimi. Hakukunja uso, lakini safari hii nilijua hapaswi kusifiwa kwa hilo.

Muda si mrefu nikahamishiwa Iringa, na habari zake nikazipata kwa vipande: sindano anachomwa kila mwezi, mikono inarudi, miguu inagoma. Cherehani ya miguu ilimshinda kabisa. Kisha nikasikia wamehama Mbeya, wamefuata ndugu wa Bi Fundi. Wamehamia wapi, aliyeniambia hakujua.

Niliwakuta bila kutafuta. Jumamosi moja nimetoka Kalenga kumwona mama, napita nyuma ya soko la Iringa, nikasikia cherehani na sauti ya mzee ikilalamika. "Polepole, mama. Unakimbizwa na nani? Hapa kuna kona." Kibarazani, Fundi amekaa, fimbo mbili zimeegemezwa ukutani, miguu imefunikwa blanketi. Mbele yake cherehani ya mkono. Yeye ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili, na aliyekuwa anazungusha mpini ni Bi Fundi.

"Kamwene," nilisema.

Hakuinuka, hangeweza. Hakuninyooshea mkono pia. Alifumba macho, na mimi nikainama, maana nilielewa anataka nini. Alishika ncha ya kitambaa changu cha kichwani kwa vidole viwili. Akasugua mara moja. Nilibana pumzi kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

"Popilini," alisema. Kidole gumba kikatembea kwenye upindo, kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena. "Na aliyepinda pindo hili alikuwa na haraka, au hajui kazi."

"Nimepinda mwenyewe, Fundi."

"Najua. Ndiyo maana nimesema taratibu."

Nilifurahi nikacheka kwa nguvu, watu wa sokoni wakageuka. Nilimuuliza miguu. Akasema haijambo, ipo pale chini, akitaka kujua habari zake huitazama. "Ningekusikiliza kipupwe kile, ningekuwa natembea," alisema.

"Vua kitambaa," alisema.

"Fundi, kiache tu, nina haraka."

"Ndivyo ulivyokishona." Alikipokea, akaanza kufumua pindo langu bila kulitazama, macho yake barabarani, vidole vikiokota uzi mmoja mmoja na kuuzungushia kwenye kijiti chake. Alipomaliza alikunja upya, akakiweka chini ya sindano. Bi Fundi alishashika mpini kabla hajaambiwa.